Kumwaga oili: Kilometa za kitabu si za barabara ya Kibondo

Gari linapowasili Kasulu kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwanza huoshwa, pili huonyeshwa kwa majirani, tatu hupewa kazi. Jambo la nne, ambalo ni oili iliyomo ndani ya injini, mara nyingi hukumbukwa siku ile taa nyekundu ya oili inapowaka mbele ya dereva. Siku hiyo gari huwa limebeba magunia ya maharage ya mteja, liko porini, na fundi yuko mjini.

Taa hiyo si ukumbusho wa kumwaga oili, kama baadhi ya madereva wanavyodhani. Inaeleza kuwa msukumo wa oili umeshuka na vyuma vinaelekea kusagana vikavu. Dawa yake ni kuzima injini papo hapo. Anayesema "ngoja nifike kwanza Kibondo" hufika kwa kuvutwa na kamba.

Ndiyo maana swali la oili imwagwe kila baada ya kilometa ngapi, hasa kwa gari jipya, si la mafundi peke yao. Ni swali la biashara. Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo wa Kibondo na Kasulu, gari ni mtaji kama lilivyo shamba. Wapo walionunua kwa mkopo wa SACCOS, wapo walioweka akiba ya mavuno ya misimu kadhaa, wapo waliouza ng'ombe. Injini ikifa, deni halifi.

Tatizo ni kwamba majibu ni mengi. Fundi wa chini ya mwembe anasema kilometa 3,000. Galoni ya oili dukani imeandikwa kilometa 10,000. Kitabu cha gari, kwa yule aliyebahatika kupata mtu wa kumsomea Kijapani, kinasema 15,000. Mwenye gari anabaki njia panda, na mwishowe hufuata jibu linalomgharimu kidogo siku hiyo.

Hata hivyo, hakuna aliyedanganya kati ya hao watatu. Kila mmoja anajibu kwa barabara yake.

Nchini Japani, yanakotoka magari mengi ya mitumba yanayotembea Tanzania, Toyota huelekeza wenye magari ya petroli yasiyo na tabo wamwage oili kila kilometa 15,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Lakini maelekezo hayo yana mstari wa pili ambao wengi hawausomi. Gari linalofanya kazi katika mazingira magumu limwagwe oili kila kilometa 7,500 au miezi 6. Kwa gari la petroli lenye tabo, kipimo cha kawaida ni kilometa 5,000 au miezi 6, na katika mazingira magumu ni kilometa 2,500 au miezi 3.

Mazingira magumu ni yapi? Ni barabara mbovu zenye vumbi na matope. Ni milima ya kupanda na kushuka. Ni safari fupifupi ambazo injini haipati joto la kutosha. Ni kuacha injini inaunguruma muda mrefu bila gari kutembea. Ni kutembea kilometa nyingi mno kwa mwaka. Mjapani aliandika hayo kwa ajili ya wachache nchini mwake. Msomaji wa Kasulu akiyasoma ataona kama barua imeandikwa kwa jina lake.

Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika, vumbi jekundu la njia za vijijini, iwe ni kuelekea Heru Juu, Mabamba au Kifura, hufunika migomba ya kando ya njia hata rangi ya majani isionekane. Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko vyuma vingi vya injini. Zinazopenya kwenye chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eya klina, hupita kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye oili. Hapo oili iliyotakiwa kulainisha inageuka msasa wa majimaji. Inasaga ringi, silinda na beringi kidogo kidogo, hadi gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Kwa hiyo oili na chujio la hewa ni ndugu. Mwenye gari anayemwaga oili kila mwezi huku chujio lake la hewa limetoboka anachota maji kwa pakacha. Wakati wa kiangazi, chujio hilo likaguliwe kila wiki kwa gari la kazi, lipulizwe kwa upepo kutokea ndani kwenda nje, na likichakaa libadilishwe. Kulipigapiga ukutani hadi karatasi ipasuke si kulisafisha, ni kulifungulia vumbi mlango.

Upande wa pili kuna gari lisilofanya kazi nyingi. Ni ile Noah ya mwenye duka inayotoka nyumbani hadi sokoni, kilometa 2 kwenda na 2 kurudi. Asubuhi za milimani ni za baridi. Injini ikizimwa kabla ya kupata moto wa kutosha, unyevu na petroli isiyoungua hubaki ndani ya oili na tindikali hujengeka. Gari hilo litamaliza mwaka bila kufikisha kilometa 3,000, na mwenye nalo atajisifu kuwa oili yake bado mpya. Si mpya. Kwa gari kama hilo kipimo ni kalenda, siyo mita.

Ni kweli kwamba hali ya njia kuu imebadilika. Aliyesafiri kati ya Kigoma na Nyakanazi katika miaka ya 2000 anakumbuka kuwa karibu safari nzima ilikuwa vumbi au tope. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa ujenzi wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, zipatazo kilometa 260, na lami imeleta nafuu kubwa kwa magari. Lakini mahindi, maharage na mihogo haviko kando ya lami peke yake. Gari linalofuata mzigo shambani bado linakula vumbi, na linalipanda kwa gia ndogo likiwa limejaa.

Kanuni ya kilometa 3,000 nayo ina chanzo chake. Ilifaa wakati wa oili za kizamani, injini za kabureta na dizeli yenye salfa nyingi. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka kiwango cha salfa kwenye dizeli kisizidi sehemu 50 kwa milioni, na oili bora za siku hizi zinavumilia joto kuliko zile za zamani. Anayenunua oili ghali ya sintetiki kisha akaimwaga kila kilometa 3,000 huku gari lake likitembea kwenye lami tu, anamwaga fedha.

Kwa hali ya Kibondo na Kasulu, kipimo cha haki kwa gari dogo la petroli ni kilometa 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, pamoja na chujio jipya la oili kila mara. Ni pungufu ya zile 7,500 za Wajapani kwa sababu tatu. Injini nyingi za huku zimekwishatumika miaka kadhaa, ubora wa oili inayouzwa hautabiriki, na vumbi la kiangazi linazidi lile aliloliwaza mwandishi wa kitabu. Gari linaloshinda kwenye njia za vumbi tupu, au lenye tabo, literemshwe hadi kilometa 2,500 au 3,000. Hapo fundi wa chini ya mwembe atakuwa amesema kweli.

Mfano rahisi unaonyesha kwa nini kilometa na miezi vinakwenda pamoja. Probox ya mchomoko inayotembea kilometa 200 kwa siku inamaliza 5,000 ndani ya siku 25. Ile Noah ya dukani, kwa kilometa zake 4 kwa siku, ingehitaji zaidi ya miaka 3 kufika huko.

Kwa Fuso, Canter na malori mengine ya dizeli, kianzio ni kitabu cha injini husika. Kilometa za kufuata ni zile zilizoandikwa kwa ajili ya kazi ngumu, siyo zile za juu.

Sasa, gari jipya ni lipi? Kuna lile lililotoka kiwandani likiwa na mita inayosoma sifuri. Vyuma vyake vinapozoeana huacha chembe ndogo kwenye oili, na zamani ilikuwa lazima kuimwaga mapema. Viwanda vingi vya leo havidai hivyo tena, na kitabu chake kifuatwe. Kumwaga baada ya kilometa 1,000 za kwanza hakudhuru injini kwa mwenye uwezo. La msingi ni kuandikiwa kila sevisi kwenye kitabu cha dhamana, kwa sababu sevisi isiyo na kumbukumbu ni rahisi kukataliwa siku ya madai.

Lakini jipya la walio wengi ni lile lililotumika Japani. Gari hilo limekaa kwenye yadi ya mnada, likasafiri baharini, likangoja bandarini, kisha linaendeshwa zaidi ya kilometa 1,000 hadi Kigoma likiwa na oili ambayo umri wake haujulikani. Mita nayo si ya kuaminiwa peke yake, kwani kuna zinazorudishwa nyuma. Wakati mwingine kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti kuna kibandiko cha gereji ya Kijapani chenye tarehe na kilometa za mwago wa mwisho. Kikiwapo kisibanduliwe kabla ya kusomwa. Kisipokuwapo, oili na chujio vibadilishwe Dar es Salaam kabla ya safari, siyo Kasulu baada ya safari.

Ikumbukwe pia kuwa kilometa 5,000 ni za oili inayofaa. Kwenye galoni kuna namba na herufi ambazo kila mnunuzi anapaswa kuzijua. Katika 5W-30, namba ya kwanza inaeleza wepesi wa oili injini ikiwa baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa ya moto. Herufi zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, kiwango kinakuwa kipya zaidi. SN ilianza mwaka 2010 na SP mwaka 2020.

SF, ambayo ni ya bei nafuu, haipendekezwi kwa magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa baada ya mwaka 1988. Probox ilianza kutengenezwa mwaka 2002. Injini yake ya 1NZ, ya lita 1.5, ina mfumo wa VVT-i unaotegemea oili kupita kwenye njia nyembamba. Kuitilia oili nzito ya SF kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani ni kumvika mtoto koti la babu yake. Injini hiyo inachukua lita 3.7 pamoja na chujio, hivyo galoni moja ya lita 4 inatosha na inabaki ya kuongezea.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa, inayouzwa kwenye chupa za maji, haina wa kuidhamini. Inaweza kuwa nzuri, na inaweza kuwa chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Mnunuzi achague galoni yenye lakiri nzima na adai risiti. Kupambana na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani (FCC), na viwango ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Asiye na risiti hana cha kupeleka huko. Rahisi ni ghali.

Wapo wanaopima oili kwa rangi. Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kumwagwa, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kubeba masizi yasigande kwenye vyuma. Weusi peke yake si kosa. Kosa ni oili yenye rangi ya maziwa, maana yake maji yameingia. Wapo pia wanaoongeza kila inapopungua na kusema hawana haja ya kumwaga. Kuongeza ni sawa na kutia maziwa mapya kwenye kibuyu kichafu. Uchafu haujatoka, na chujio lililoziba halisafishi tena, kwani mlango wake wa dharura hufunguka na oili chafu hupita moja kwa moja.

Wenye bodaboda na mashine za kusaga wasidhani haya hayawahusu. Pikipiki nyingi ndogo zina oili inayokaribia lita 1 tu, na oili hiyo moja inahudumia injini, giaboksi na klachi. Mwago wa kwanza wa pikipiki mpya hutakiwa mapema, kwa kawaida kati ya kilometa 500 na 1,000, na baada ya hapo kila kilometa 2,000 si nyingi kwa njia za huku. Atafute iliyoandikwa JASO MA. Baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze.

Mashine ya kusaga haina mita ya kilometa, hivyo huhesabiwa kwa saa. Injini nyingi za dizeli za kilimo hutakiwa kumwagwa oili ndani ya saa 250, na nyingine mapema zaidi. Mashine inayosaga saa 8 kwa siku inamaliza saa 250 kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na inafanya kazi katikati ya vumbi la unga.

Hata hivyo, kinachoua injini nyingi si kutojua namba. Ni kutokuwepo mtu ambaye kazi hiyo ni yake. Gari la biashara huendeshwa kwa hesabu. Dereva anatakiwa kupeleka kiasi fulani kila jioni, na kinachozidi ndicho chake. Siku ya sevisi ni siku asiyoingiza kitu, na oili ikitoka mfukoni mwake ataisogeza mbele. Tajiri naye anaamini dereva anamwaga. Injini ikinoki, kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake, lakini mkopo una jina la mmoja tu.

Somo lilikuwa karibu miaka yote. Tangu miaka ya 1990, mikoa ya mpakani imeona magari ya mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi kama Nyarugusu na Nduta. Land Cruiser hizo zilipita kwenye vumbi lilelile. Tofauti ilikuwa daftari. Kila safari iliandikwa kilometa za kuondoka na za kurudi, na sevisi ilifuata daftari badala ya kumbukumbu ya dereva. Daftari la shule linafanya kazi hiyohiyo kwenye Probox.

Umefika wakati sasa tajiri na dereva wakubaliane kwa maandishi mambo matatu. Oili na chujio ni gharama ya mwenye gari. Siku ya kumwaga oili haina hesabu. Na dereva anapima oili kwa kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, kisha anaandika.

Atakayeona ni gharama afanye hesabu kwa bei za dukani kwake. Kwa mfano, kama oili na chujio ni Sh 80,000 na injini ya mtumba pamoja na kuifunga ni Sh 1,600,000, basi injini moja ni sawa na miago 20. Kwa kilometa 5,000 kila mwago, fedha hizo zingelitunza gari kwa kilometa 100,000. Hapo bado siku ambazo gari limelala gereji huku maharage yakipanda lori la mwingine. Kwa bei hizohizo, anayemwaga kila 3,000 pasipo sababu hutumia miago 20 kwa kilometa 60,000 badala ya 12. Ziada ya Sh 640,000 ni mbolea na mbegu.

Limebaki suala la oili chafu. Imezoeleka kuimwaga mtaroni au kuipaka kwenye nguzo ili mchwa wasile. Oili hiyo ina chembe za vyuma na kemikali zenye sumu. Maji ya nyanda hizi yanaelekea bonde la Malagarasi, ambalo ardhi oevu yake, Malagarasi–Muyovozi, ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Gereji iwe na dumu lenye mfuniko, na oili ipelekwe kwa wanaoikusanya, wala isiachwe kisimani kwa jirani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye gari ufa hauonekani kwa macho, unaonekana kwenye daftari. Mwenye gari jipya Kibondo asiulize tena fundi kilometa ngapi kabla hajajiuliza gari lake linapita wapi, linabeba nini, na nani anaandika.